Silinda Tatu

Bwana Prosser alitandaza karatasi mezani:
lita moja, silinda tatu, haina turbo;
lita moja hiyohiyo, ina turbo;
lita moja na nusu ya dizeli, inywayo kidogo kama mgonjwa.
Nguvu za farasi alizisoma kwa sauti ya mnadani.
Baba akaisogeza karatasi kando, taratibu,
kama mtu anayekataa chumvi.
"Ziwashe," alisema. "Mojamoja. Kisha unyamaze."

Miaka arobaini na mmoja amekaza nyuzi za piano za watu,
makanisani, mashuleni, kwenye baa ya Corris
ambako panya walizalia ndani ya nota za chini.
Mfukoni hubeba uma wa kupimia sauti.
Tangu msimu wa majani kupukutika, sikio lake la kushoto
limekuwa mlango ambao mtu kaufunga
akaondoka na ufunguo.
Hajasema. Najua tu, kwa kuwa siku hizi
nikimsemesha hunigeuzia shavu la kulia
na kuisingizia shingo.

Dizeli ilikohoa, ikatulia, ikanung'unika chinichini
kama mpangaji asiyependa wageni.
"Hii itanifikisha Cardiff," alisema,
"ila mimi sina kazi Cardiff."

Ya turbo ilikuwa na papara iliyofichwa:
ukikanyaga mafuta inafikiri kwanza,
halafu inakurusha kama iliyokumbuka deni.
Prosser akachekelea. Baba, wapi!
"Inachelewa mpigo, kisha inaufukuzia.
Nimewafundisha watoto wa namna hiyo."

Ikabaki ile ya bei ya chini,
milango mitano, buti la kutosha sanduku moja la vifaa
na koti la mvua.
Ilitetemeka pale iliposimama, kioo cha pembeni kikicheza.
Baba akainama
akalaza taya lake juu ya boneti.
Prosser akanitazama mimi. Mimi nikaitazama mvua.
"Tatu," alisema, macho kayafumba. "Inahesabu tatu tatu,
kama dansi tuliyocheza na mama yako
ukumbi wa Bala, viatu vya kuazima."

Tukaitoa kwenda kuijaribu.
Nje ya Dolgellau barabara ni nyembamba, kuta za mawe
zimekaribia kukwangua rangi,
na kondoo hawana habari na mtu.
Klachi nyepesi, usukani mwepesi mno, breki za kuvumilika.
Kwenye mpando wa Bwlch Oerddrws, Mlango Baridi,
gia ya tatu ikaishiwa pumzi.
Lori la magogo likatujia mgongoni, taa zote.
Baba akarudi ya pili bila kuharakisha,
na kale kagari kakapiga kelele, kakapanda,
kanyonge lakini kakweli,
bila kuahidi wala kuficha kitu.

Hapo ndipo nilipouona mkono wake.
Haukuwa unabadili gia. Ulikuwa umelala juu ya kile kirungu,
vidole wazi, kama anayepima homa ya mtoto,
na kiatu cha kushoto alikuwa amekivua,
soksi juu ya sakafu inayotetemeka.

Juu kileleni upepo ukatusukuma ubavuni.
"Heledd," aliniita, "sasa inaimba nota gani?"
Nikasikiliza. Mimi, mwenye masikio mawili mazima.
"So," nilisema.
Alinyamaza hadi kona ya pili.
"Fa," alisema. "Fa iliyopanda kidogo.
Ingehitaji kukazwa, robo ya robo ya mzunguko,
lakini tutaiacha hivyohivyo."

Tukaanza kuteremka. Nikaizima redio
ambayo hakuna aliyekuwa ameiwasha kwa ajili ya kusikiliza,
nikaulaza mkono wangu
juu ya wake.